Damu ya Kaka Yake

Mwaka 1992 nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, hapa Kigali. Madaktari wa Ubelgiji walinipa kazi ya pembeni: kumtembelea msichana wa miaka tisa nyumbani kwao, mtaa wa Kabeza, waliyempandikiza uboho wa mifupa, ule unaotengeneza damu, nione anayamudu vipi maisha. Anakula? Anacheza? Anaogopa nini? Uboho huo ulitoka kwa kaka yake, kijana wa miaka kumi na miwili.

Mwili ulikuwa umepona. Lakini kule Ulaya aliishi muda mrefu katika chumba kilichofungwa ili asipate vijidudu, akiwaona wazazi kupitia kioo tu, na mazoea hayo alirudi nayo. Ukiingia chumbani kwake aligeukia ukuta, kimya. Ukitoka ukasimama nje ya dirisha, alizungumza bila shida. Mama yake alimsimulia hadithi akiwa amesimama uani, hata mvua ikinyesha.

Siku moja nikiwa pale, kaka mtu alichoka na hali hiyo. Akaingia, akaketi kitandani kwa dada yake.

"Toka! Una vijidudu."

"Vijidudu vyangu unavyo tayari," akajibu. "Hiyo damu yako yote ni yangu."

Msichana alimkodolea macho. Kisha akacheka, akamsogezea nafasi. Mama, aliyekuwa dirishani, alijifunika uso kwa kitenge. Tangu siku hiyo mlango ulibaki wazi, na baada ya miezi michache akarudi shule.

Ikaja Aprili 1994. Wazazi wao waliuawa nyumbani. Kaka aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani. Msichana alifichwa darini na jirani.

Vita vilipokwisha nilirudi kazini, na asubuhi moja mama mdogo wake akamleta apimwe. Msichana alikuwa mrefu sasa, amekonda, amenyoa nywele. Nilipomfunga mpira mkononi hakugeukia ukuta. Aliitazama damu ikipanda ndani ya bomba la sindano.

"Tantine," akaniita, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "hii bado ni ya kaka?"

"Ni yake."

"Inajua kwamba amekufa?"

Nikachomoa sindano. Akajikandamizia pamba mwenyewe.

"Usiiambie," akasema.

Majibu yangetoka kesho yake, mazuri. Mama mdogo alishukuru, akamshika bega, wakaondoka. Mgonjwa mwingine alikuwa akingoja mlangoni, nami bado nilikuwa nimeishika chupa ndogo nilimotia damu yake, ina joto.