Wifi Yangu Amenuna

Wifi yangu anabisha. Sisemi anapenda kubishana, maana wapo wengi wanaopenda kubishana, na bado ukiwaambia kumekucha wanakubali. Yeye ukimwambia kumekucha anakuuliza umejuaje.

Ni dada wa mume wangu, tunaishi nyumba moja na tunafanya kazi moja. Sisi ni madobi. Mimi nafua uani, yeye anapiga pasi sebuleni, na wageni wakija wanakaa jikoni kwa sababu viti vyote vimelaliwa na suruali za watu. Meza yake imetandikwa blanketi kuukuu, juu ya blanketi shuka, na pembeni ya shuka kuna kopo la wanga. Wateja wanadhani kopo lile ni la wanga tu. Kazi yake kubwa ni kuegemeza simu.

Humo ndani ya simu ndimo anamoishi. Kuna kundi linaitwa Hoja kwa Hoja, la watu mia kadhaa wasiojuana hata kwa sura, na kutwa nzima wanabishana. Asubuhi kwa nini nyota zinametameta na mwezi haumetameti. Mchana kama mbunge anayelala bungeni akatwe mshahara au apewe mto. Jioni kama mama mkwe akija kutembea kwa wiki moja, akamaliza mwezi, ni halali kumuuliza basi lake linaondoka lini. Wifi yangu hakuna mada inayompita. Na msidhani anajua kila kitu! Kuna wakati alishikilia wiki nzima kwamba kioo kinavuta radi. Watu wakamwekea picha, wakamwekea wataalamu, mpaka mtu mmoja akatoka na kioo nje mvua ikinyesha akajipiga video. Wifi akajibu kwamba radi ya huko kwao ni mvivu.

Jina lake kule ni Pasi ya Mkaa. Alilichukua kwenye pasi yetu ya zamani, ile tunayoitoa umeme ukikatika. Watu wakapiga hesabu zao: anayekumbuka pasi ya mkaa lazima ni mtu mzima, na anayebisha namna hii lazima ni mwanaume. Wakaanza kumwita Mzee Pasi. Hakuwasahihisha. Nacho Kiswahili kikamsitiri, kwa sababu "amesema" ni amesema, "anabisha" ni anabisha, awe babu au bibi. Mwaka ukapita na hakuna neno hata moja lililomchongea.

Nilimwambia, "Wifi, waambie tu wewe ni mwanamke. Utapungukiwa nini?"

"Soma hapa," akaniambia, akanisogezea simu. Kulikuwa na dada mmoja ameandika maneno ya maana kabisa juu ya bei ya umeme. Wa kwanza kumjibu alimuuliza kama ameshapika. Wa pili alimwambia picha yake ni nzuri. Chini yake wifi yangu alikuwa ameandika karibu mambo yale yale, na majibu yalianza hivi: Mzee, kwa heshima, naomba nitofautiane nawe.

Nikamrudishia simu yake, nikarudi kwenye ndoo zangu.

Lazima niseme na hili, ndiyo mtamwelewa. Wifi aliolewa akaachika. Siku yule bwana alipomrudisha, alisimama hapo mlangoni akamwambia mume wangu, "Shemeji, dada yako ni mtu mzuri. Anapika, anafua, hana makuu. Lakini nikisema neno moja, yeye ana matatu." Na mume wangu, ambaye ni fundi bomba na hajawahi kumpinga mtu tangu azaliwe, akajibu, "Ndiyo, shemeji." Wifi alikuwa amesimama pale pale na begi lake. Miezi ile ya kwanza hakubishana na mtu. Nilikuwa naweka chumvi nyingi makusudi aseme kitu, anakula kimya kimya. Niliogopa sana. Aliponunua simu na nikamsikia sebuleni anasonya, "Mjinga huyu, hajui anachosema!" nilimshukuru Mungu.

Kule kundini ana mtu wake mmoja anaitwa Msumari. Nasema mtu wake kwa maana kwamba wanachinjana. Msumari akisema jua ni moto, Mzee Pasi anasema inategemea umesimama wapi. Tangu wajuane hawajawahi kukubaliana hata kuhusu siku ya wiki. Msumari asipoonekana siku mbili, wifi anapiga pasi kama mgonjwa.

Sasa siku ya mkasa wenyewe, alikuwa anampa Msumari za uso juu ya jambo sijui gani, akasahau mkono wake uko wapi. Akaunguza kola ya shati la mwalimu. Aliyekwenda kwa mwalimu kuomba radhi ni nani? Mimi. Aliyesemwa mbele ya darasa zima ni nani? Mimi. Nikarudi nyumbani nimevimba, sikumsemesha mtu. Wifi akanibembeleza, akaniletea chai, akanifulia ndoo mbili, nikakaza uso vile vile. Aliporudi kwenye simu yake akakuta Msumari anamtafuta: Mzee umekimbia? Naye kwa haraka akaandika:

"Samahani nimechelewa kujibu. Wifi yangu amenuna tangu asubuhi."

Wengine wakampa pole. Mmoja akamwambia, zima halafu washa tena. Mwingine akamwambia aipandishe juu ya kabati, mawimbi yanakamata vizuri ikiwa juu. Mwingine akasema hata ya kwake inanuna kila mwisho wa mwezi mpaka ailipie. Wifi alikuja uani kunionyesha, na mimi niliyekuwa nimenuna nikacheka mpaka nikakaa juu ya nguo mbichi. Mimi nipandishwe juu ya kabati!

Lakini mwenyekiti wa kundi lile anaitwa Kamusi, na jina hakupewa bure. Akaandika: "Mzee Pasi, ingekuwa wifi ya intaneti ungesema 'imenuna'. Wewe umesema 'amenuna'. Kwa hiyo huyo ni mtu. Na mwanaume ana shemeji, hana wifi. Tufafanulie."

Kicheko kikatukauka wote wawili. Wifi akaandika kwamba kidole kimeteleza. Kamusi akajibu kwamba herufi hizo hazikai jirani. Watu wakaanza. Huyu mzee ni bibi? Tumekuwa tukibishana na mama wa watu? Mmoja akauliza, kwa hiyo yale ya radi yalikuwa ya jikoni? Kamusi akatoa uamuzi: Jumapili alasiri kutakuwa na mjadala wa sauti, Mzee Pasi na Msumari, watu wote wasikilize. Mada, je, sayansi shuleni ifundishwe kwa Kiswahili?

"Nitatoka kundini," wifi akasema. Alikuwa ameshika taulo la mteja, analikunja, analikunjua. "Nikisema neno moja tu kule, basi tena. Watanisikia, kisha wataniuliza kama nimepika."

Wazo la kumtumia mume wangu lilikuwa langu, na mtu asinilaumu, maana lilikuwa ndilo pekee lililokuwepo. Sauti anayo, nzito, kama ya mtu aliyewahi kuwa jaji. Tukamkalisha kwenye kiti kando ya meza, simu mbele yake. Wifi atapiga pasi huku anamnong'oneza, yeye atasema tu anachoambiwa.

"Niseme vile vile?" akauliza.

"Vile vile, kaka. Usiongeze, usipunguze."

"Na yule mtu akiniuliza kitu?"

"Mbishie!"

Mume wangu akanitazama kwa huruma. Huyu ni mtu ambaye mteja akimwambia bomba linavuja juu, anasema ndiyo, kisha anaziba chini.

Mjadala ukaanza vizuri. Alisema mtoto anaelewa haraka jambo aliloelezwa kwa lugha anayootea ndoto, na akalisema kwa mwendo wa kijaji hasa, nikamsikia Kamusi anaguna kwa kuridhika. Kisha ikawa zamu ya Msumari. Ana sauti ya ujana zaidi kuliko nilivyodhani, na anaongea haraka. Akasema, "Mzee, nakuheshimu, lakini huyo mtoto akimaliza shule atakutana na vitabu na mashine ambazo maneno yake hatuna. Utakuwa umemfundisha kuogelea kwenye beseni."

Mume wangu akatafakari. "Hapo kwa kweli, ndugu yangu, una hoja," akasema.

Wifi akamfinya begani. Akaruka kidogo, akakohoa.

"Nashukuru," Msumari akasema, na sauti yake ilikuwa ya kushangaa. "Sasa nikuulize. Kile chombo cha kupozea maji nyumbani kwako, unakiitaje?"

"Friji."

"Umeona? Kiswahili kina neno lake, jokofu, na hata wewe mzee wetu hulitumii. Je, hayo mengine ya sayansi ndiyo utayatumia?"

"Ni kweli," mume wangu akasema, na akacheka vizuri kabisa, kicheko cha mtu aliyekaa na rafiki. "Jokofu sijawahi kulisema hata siku moja."

Nilimwona wifi anabadilika. Nilitaka kumshika, nilichelewa.

"Wifi, shika pasi!" akapiga kelele, akanisukumia mkononi ikiwa ya moto, akamnyang'anya kaka yake simu. "Friji ni Kiswahili! Nani amekwambia si Kiswahili? Shati lilitoka wapi? Meza ilitoka wapi? Hilo bomba linalomlisha kaka yangu, lilizaliwa hapa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Neno likishaingia nyumbani kwangu, likatumwa dukani na watoto wakaliita, ni la kwangu, sirudishi! Kama sayansi ina maneno mageni na yaje, tutayapa majembe! Wewe unataka mtoto asubiri mpaka kila chombo kipate jina sanifu ndipo aambiwe maji yanachemka kwa nini?"

Akanyamaza kuvuta pumzi, na hapo ndipo alipojisikia.

Kule kwenye simu ikaja sauti ya Kamusi, taratibu: "Samahani. Nani anaongea? Mzee Pasi yuko wapi?"

Mwingine akadakia, "Mama, mrudishie mzee simu yake, tuko kwenye mjadala." Watu wakacheka.

Wifi akamtazama kaka yake, kaka yake akatazama sakafu. Akaanza kumrudishia simu. Nikaona uso ule ule wa siku ile ya begi, na nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, tutarudi kule kule kwenye kula kimya. Niliwachukia wote waliokuwa ndani ya ile simu, mmoja mmoja, na majina yao siyajui.

"Kamusi," ikasema sauti ya haraka. Alikuwa Msumari. "Kamusi, mzee ndiye huyu."

"Huyu ni mwanamke."

"Hilo sijui, na sikuulizwa. Mimi nimebishana na Mzee Pasi tangu mwaka jana, hajawahi kunikubalia hata salamu. Yule bwana wa kwanza kanikubalia mara mbili, nikaanza kuwa na wasiwasi, nikasema mzee wetu anaumwa. Huyu anayefoka sasa ndiye ninayemjua." Kisha akaita, "Pasi, bado upo?"

Wifi akaisogeza simu mdomoni.

"Nipo."

"Vizuri. Kwa sababu umekosea. Umekosea kabisa, na hilo jembe lako ni zuri lakini halijibu swali langu, na nitakuonyesha ni wapi."

Wapo waliotoka kundini alasiri ile, nikaona majina yanapungua pale juu ya kioo. Mmoja aliandika kwamba yeye hana muda wa kusikiliza kelele za wanawake. Wifi hakuwaona. Alikuwa anavuta kiti kwa mguu, akakikalia pamoja na suruali ya mtu aliyoinyoosha mwenyewe asubuhi, na machozi yanamteremka waziwazi, na anacheka. Mume wangu aliinuka polepole akaenda kumletea maji. Mimi nilibaki nimeshika pasi, nalia na mimi, kwa furaha na kwa sababu kidole kilikuwa kimeungua.

Sijawahi kumwona mtu akafurahi vile kwa kuambiwa amekosea. Alikuwa ameambiwa amekosea. Hakuambiwa anyamaze.

"Wapi?" akamuuliza Msumari. "Nionyeshe wapi."