Raga Penye Mashamba ya Miwa

Niliondoka Uru kwa sababu nilikatazwa. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na kwenye mkutano wa nyumba kumi nilisema kwamba vijana wa mashamba ya miwa kule tambarare wanacheza raga, na kwamba nakwenda kujiunga nao. Balozi wetu, Mzee Elinami, alisimama.

"Huo ni mchezo wa wakoloni. Hapa kwangu hatoki mtu kwenda kuucheza."

"Shikamoo, balozi. Na mpira wa miguu tuliutunga hapa Uru?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Nenda basi. Wakikukataa, utasimama hapa hapa mbele ya watu hawa useme balozi alikuwa sahihi."

Asubuhi mama alinifungia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye jani la mgomba. Nikashuka katikati ya kahawa hadi Kiboriloni. Sokoni, mwanamke aliyekuwa akishusha mikungu ya ndizi aliniuliza niendako.

"Kucheza raga, mama. Unakimbia na mpira mkononi, watu wanakuangusha."

"Na serikali inakusomesha!"

Mchana, ng'ambo ya mji, nilidandia lori la kiwanda cha sukari. Ubaridi wa mlimani uliishia njiani. Nilishuka kwenye joto, vumbi na miwa isiyo na mwisho.

Uwanja ulikuwa na miwa upande mmoja, na mwisho wake ulipakana na mashamba ya mahindi. Nahodha, Lameck, mtoto wa mkata miwa kutoka Kigoma, alinitazama kuanzia miguuni.

"Mangi," alisema, jina wanalotuita Wachaga wote kama wenye maduka, "hapa hakuna duka."

"Sijaja kuuza."

"Basi sikia. Ukivuka mstari wa mwisho na mpira, ukaugusisha chini, Jumamosi unacheza. Usipovuka, lori linakurudisha."

"Kwa nini pasi za mkono zote ziende nyuma?"

"Kimbia kwanza. Maswali utauliza ukiwa chini."

Niliangushwa mara nyingi, na kweli niliuliza nikiwa chini. Jioni ilipokaribia nilipata mpira na njia nyeupe. Nikakimbia. Mbele yangu mstari wa mwisho ulikuwa safu ya masale, na miguu ikasimama yenyewe. Kwetu masale ni mpaka wa mtu, na ndilo jani tunalompelekea tuliyemkosea kuomba msamaha. Mtoto wa Uru hayakanyagi. Wenzangu, waliotoka mikoa mingine, walikuwa wameona mimea tu, iliyonyooka vizuri. Nilikumbwa kwa nyuma, mdomo ukajaa vumbi.

"Umeona nyoka?" Lameck aliuliza.

"Nimeona mpaka wa mtu."

"Msomi anayehoji kila kitu anaogopa majani!"

Walicheka hadi wakakaa chini. Iliniuma, maana swali hilo nilikuwa najiuliza mwenyewe. Siamini kwamba jani linalaani. Lakini nilipoinua kichwa niliona, nyuma ya masale, mahindi machanga yamelala chali. Kila aliyefunga pale alikuwa ameangukia chakula cha mtu.

"Sivuki," nilisema. "Na lori silipandi."

Nikaenda kwenye nyumba za wafanyakazi, nikaomba majivu jikoni, nikarudi na debe. Nilimwaga mstari mpya upande wetu wa masale, nikaacha nafasi ya mtu kuanguka.

"Nani kakupa ruhusa?" Lameck aliuliza.

"Nyinyi aliwapa nani?"

Aliyatazama mahindi yaliyolala. Kisha akasimama juu ya majivu, akatanua mikono. "Haya, pita."

Sikumkwepa. Nilimwingia kifuani, akanishika kiuno, tukaanguka pamoja, nami nikanyoosha mkono. Mpira uligusa udongo ng'ambo ya majivu. Alibaki amelala akihema.

"Jumamosi, Mangi. Na maswali uyaache nyumbani."

"Nitakuja nayo."

Kesho yake nilipanda mlima jicho limevimba. Njiani nilielewa kwamba kuhoji si kukataa kila kitu. Nilihoji amri ya balozi nikaikuta tupu. Nilihoji masale nikakuta mahindi ya mtu.

Kwenye mkutano uliofuata, kabla ya Jumamosi hiyo, nilisimama kabla sijaitwa.

"Wamekukataa?" Mzee Elinami aliuliza.

"Wamenichukua, balozi."

"Na nikikukataza tena?"

"Jumamosi nashuka. Nafasi ya kutazama ipo, karibu."