Namba ya Simu ya Jovina

Jovina hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mkishasikia alichofanya mtamwita majina, na hata mie kuna siku nilimwita. Lakini kwanza mjue na yeye alifanywa nini.

Miaka mitatu nyuma alimaliza kidato cha sita akiwa na alama za kumwingiza udaktari bila kuomba huruma ya mtu. Kwao ni Manzese, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana za maseremala. Mama yake, mwanamke wa Bukoba asiyejua kunong'ona, alishaitangazia jumuiya nzima ya kanisani kwamba anamlea daktari. Nyumbani kulikuwa na simu moja ya kitochi, kompyuta hawana. Jovina akafanya kama wote wanavyofanyaga: akaenda steshenari ya Mzee Masoud kuombewa chuo.

Mzee Masoud mtu mpole, salamu haimpiti, na ukoo wake umefanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu zake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mwanafunzi aliyemjazia maombi, alimwandikia namba ya simu ya duka. Watoto sitini, simu moja. Sasa, aliyechaguliwa vyuo viwili hutumiwa namba ya siri kwenye simu, akaiingiza kuthibitisha chuo anachokitaka. Muda ukipita, imekula kwako.

Jovina alichaguliwa vyuo viwili, kimoja udaktari, kingine ualimu. Alikaa kwenye benchi la duka lile siku nne. "Bado, binti, njoo kesho," anaambiwa. Siku ya nne jioni, Jovina kisharudi kwao, Mzee Masoud alikuwa na safari ya harusi Tanga, na hakutaka kusafiri na viporo vya watu. Akakaa chini, akawathibitisha wote waliokuwa na vyuo viwili kwa mkupuo, kila mmoja kwenye chuo kilichotangulia kwenye orodha yake. Kwa Jovina kilichotangulia kilikuwa cha ualimu.

Aliporudi, Jovina akamlilia pale pale dukani, watu wanatazama. Mzee akamwambia kwa upole kabisa, "Chuo ni chuo, binti yangu. Mshukuru Mungu." Kisha akampokea mteja wa fotokopi. Nyumbani, mama alinyamaza wiki nzima, na mwanamke yule kunyamaza ni sawa na kuweka matanga.

Basi Jovina akasoma ualimu, akausoma kwa hasira. Alipofika mwaka wa pili, yeye na wenzake wa chuo wakaanzisha darasa la Jumamosi kwa vijana wa kidato cha sita wa Manzese, kwenye chumba cha kuazima katika shule ya msingi. Wakawafundisha kuchagua kozi, kujaza maombi, kujua chuo kinavyokwenda. Watu wakamsifu Jovina kwa moyo wa kujitolea. Moyo gani? Kila kijana aliyejua kujaza maombi kwa mkono wake alikuwa mteja mmoja aliyebanduka kwenye benchi la Masoud, na Jovina alikuwa akiwahesabu. Somo lake la kwanza siku zote lilikuwa moja: andika namba yako, au ya mtu anayelala nyumba moja na wewe.

Mwaka huu akaja Hayat. Binti mtulivu, baibui lake safi, daftari limepigwa mistari kwa rula. Anataka udaktari. Jovina alipoona kwenye fomu ya mahudhurio kwamba jina la baba ni Masoud, akalisoma mara mbili.

"Baba yako si ana steshenari?" akamuuliza. "Kwa nini asikujazie yeye?"

"Baba amesema nisijazie dukani, dada," Hayat akajibu. "Anasema simu ya duka inachanganyaga mambo. Nije kwenu, nyie ndio mnajua."

Hebu fikirieni. Mzee alijua! Alijua simu ile inakula maisha ya watu, ndiyo maana wa kwake kamtoa. Jovina nusura acheke. Akavuta kiti karibu na Hayat, na kwa sauti tamu akasema, "Kama huna simu yako, mdogo wangu, weka namba yangu. Itakuwa salama." Hayat akashukuru, akaiandika.

Majibu yalitoka siku ya Jumatatu. Hayat kachaguliwa udaktari, na chuo kingine kachaguliwa ualimu. Namba yake ya siri ikaingia kwenye simu ya Jovina asubuhi ile ile, na mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Jumamosi.

Jovina akaificha namba hiyo. Jumanne alifungua akaunti ya Hayat, maana ilifunguliwa kwenye simu hiyo hiyo, akaweka kidole juu ya ualimu. Akakitoa. Jumatano hivyo hivyo. Msidhani alikuwa anamwonea Hayat huruma, thubutu. Alichokitaka ni Masoud awepo. Alitaka yule mzee aje mwenyewe, akae kwenye benchi, aambiwe bado.

Na kweli Jumamosi saa nne alikuja, kanzu imenyooshwa, Hayat kando yake macho yamevimba. Darasani kulikuwa na vijana kama ishirini.

"Shikamoo," Jovina akasema.

"Marahaba, mwalimu. Wenzake wamepata ujumbe, huyu bado. Na leo ndiyo mwisho."

"Ujumbe umefika tangu Jumatatu. Ninao hapa." Jovina akainua simu. "Nilikuwa nafikiria nimthibitishe ualimu. Si chuo ni chuo, mzee?"

Mzee Masoud akasogea mezani. "Kwani mie nimekukosea nini?"

Akamwambia. Akamtajia benchi, siku nne, harusi ya Tanga, machozi ya mbele za watu. Kwa miaka mitatu alikuwa akiyapanga maneno hayo. Mzee akamtazama usoni kwa muda, anatafuta, na haikuwa kwa dharau. Ndiyo kwanza anajaribu kukumbuka.

"Mwaka ule mlikuwa wengi, binti," akasema. "Wewe ulikuwa yupi?"

Jovina akaishusha simu. Mtu umemchukia usiku na mchana, kumbe yeye hata sura yako hana. Nyuma ya darasa akasimama Anwar, kijana wa kidato cha sita, akauliza, "Na dada yangu Manal, mzee, naye ulimjazia mwaka ule ule, yeye unamkumbuka?" Mzee akainamisha kichwa.

"Nisameheni," akasema. "Lakini huyu mtoto hana kosa."

"Na mie kosa langu lilikuwa lipi?" Jovina akamuuliza.

Hayat ndiye aliyesogea. Hakulia wala hakugomba, alinyoosha mkono tu. "Naomba simu, dada." Jovina akampa. Hayat akasoma ile namba ya siri, akaiingiza, akathibitisha udaktari mbele ya wote. Kisha akaingia palipoandikwa mawasiliano, akaifuta namba ya Jovina. Baba yake akaanza kumtajia namba yake. Hayat akatikisa kichwa, akaandika ya mama yake. Akarudisha simu mezani, akatoka bila kumsubiri yeyote kati yao.

Kufika alasiri Manzese nzima ilikuwa na habari za steshenari. Wiki ile benchi la Mzee Masoud halikukaliwa na mtu, na Jovina alipita pale kila siku, makusudi, taratibu, aone. Ilikuwa tamu, asiwadanganye mtu. Siku ya tatu mzee alimsalimia kwa jina. Sasa alikuwa amelijua, na Jovina akalala vizuri.

Jumamosi iliyofuata vijana walikuja darasani kama kawaida, maana wengine walikuwa wanasubiri awamu ya pili ya maombi. Anwar alikwama kwenye ukurasa wa kuchagua kozi, akanyoosha kidole. Jovina akamwendea, akanyoosha mkono apokee simu yake amwoneshe.

Anwar akaivutia kifuani.

"Nielekeze tu kwa mdomo, dada," akasema kwa adabu. "Nitabonyeza mwenyewe."

Jovina akatazama darasani. Vijana wote walikuwa wamezilaza simu zao kifudifudi juu ya madawati. Akarudi mbele, akachukua chaki, akaanza kuwaelekeza akiwa amesimama mbali.