Chuma cha Upande wa Kushoto

Nianze kwa kukiri mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa Urambo wakawaongezea chumvi: ni kweli, mimi mtu mzima mwenye ndevu, mke na mtoto, nilipiga magoti na mikono mchangani mbele ya kanisa zima, nimevaa suti (na suti yenyewe rangi ya maziwa), na mama mkwe wangu akanikanyaga mgongoni. Chekeni kwanza, mkimaliza niwaeleze, maana chanzo chake kilikuwa kitu kidogo mno.

Baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa bwana shamba wa tumbaku, na alipofariki aliacha gari. Ni lile la Kijapani la zamani, la pembepembe, la kuvuta magurudumu yote manne, lililofika nchini kwa meli likiwa tayari limechoka. Lilikaa miaka minne bandani kwao Ntalikwa, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mke wangu Neema alipojifungua mtoto wa kiume tukakubaliana apewe jina la babu yake, Zakaria, na abatizwe Urambo, katika kanisa lile lile walilofungia ndoa wazee wale, na mama mkwe ndiye amshike mtoto na kutaja jina mchungaji atakapouliza. Basi yule mama, ambaye huwa haombi kitu kwa mtu, akatuma ujumbe kupitia kwa Neema kwamba siku hiyo angependa aende na gari la mzee.

(Ujumbe lazima upite kwa Neema. Kwetu Wanyamwezi mkwilima, yaani mkwe wa kiume, na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hampi mkono, hali naye sahani moja, wakikutana kwenye kinjia chembamba mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzie. Siku hizi watu wa mjini wamelegeza, hata gari moja wanapanda, lakini kugusana, hapana. Miaka sita ya ndoa mimi na yule mama tulikuwa tumesemezana labda maneno arobaini, na mengi yake ni shikamoo na marahaba.)

Lakini nilimpenda, niseme wazi. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na nilipokwenda kuposa sina mbele wala nyuma, yeye ndiye aliyemwambia mumewe kwamba kijana anayetunza viatu vyake vizuri namna ile hatamtesa mtoto wao (nauza viatu vya mtumba, hilo alikuwa hajaambiwa). Kwa hiyo niliposikia anataka gari la mzee nikajiapiza kwamba nitalifufua mpaka alie kwa furaha.

Nikalivuta mpaka Mtendeni kwa Fundi Hamisi, mtu aliyezeekea kwenye spana. Mwanzoni mambo yalikwenda kwa adabu, injini ikashushwa ikapigwa ringi mpya, kutu ikakwanguliwa, breki na shokapu zikabadilishwa, rangi ikarudi. Kisha nikaanza kuangalia video kwenye simu. Jamani, msiangalie zile video. Kuna watu huko duniani wanainua magari mpaka mbuzi anapita chini bila kuinamisha pembe, na mimi nikaona bila hivyo sijafanya kitu, nikataka springi ndefu, nikataka matairi makubwa yenye meno, nikataka keria juu na taa za kumulika hadi Kigoma. Fundi alikubali yote, mpaka nilipomwonyesha kile chuma.

Chini ya mlango wa abiria, upande wa kushoto tu, kulikuwa na kipande kinene cha chuma kimechomelewa kwenye chesisi, kimekunjwa kama kidato cha ngazi na kuzungushiwa mpira wa tairi kuukuu. Kibaya hasa. Upande wa kulia hakikuwepo, nikajua ni kazi ya fundi mlevi.

"Hiki kata," nikasema.

Fundi Hamisi akachuchumaa akakipapasa. "Bosi, hiki kakichomelea mtu mwenye nia. Kaulize kwa mwenye gari."

"Mwenye gari ni marehemu."

"Si kaacha mke?"

"Sasa mimi nikamuulize mama mkwe habari za vyuma? Kata bwana!"

Akakata, na mimi nikakisukuma kwa mguu kwenye lundo la chakavu nikaenda kuchagua taa.

Jumamosi Neema na mtoto walitangulia Urambo kwa basi. Jumapili asubuhi nikaingia Ntalikwa nikipiga honi kama nimeleta bibi harusi. Mama mkwe akatoka na gauni jeupe, kitenge kipya begani na kikapu cha karanga mkononi. Alilizunguka gari taratibu, akagusa mlango wa kushoto, akatazama chini yake kwa muda mrefu. Nikadhani anashangaa matairi.

"Limekuwa refu," akasema.

"Ndiyo, mayu!" nikajibu kwa majivuno, mjinga mimi (mayu kwetu ni mama).

Kupanda akashindwa, maana goti lake la kulia lina maumivu ya siku nyingi na kiti kilikuwa usawa wa kifua chake. Wakaitwa majirani watatu, wanawake wa nguvu, kinu kikafudikizwa chini, mmoja akavuta kutoka ndani, wawili wakasukuma kutoka nje, "haya, tena, tena!", na mimi muda wote nimegeuka natazama ukuta kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Akaingia. Nikawasha gari tukaondoka, na kinu nikakiacha pale pale uani.

Njiani aliweka kikapu katikati yetu, ukawa ndio mpaka wa nchi mbili. Kila alipodhani simwoni alikuwa akifuta dashibodi kwa ncha ya kitenge, polepole, kama anamfuta mtoto uso. Tulipokaribia Urambo akasema, kama anaongea na kioo, "Inaunguruma vile vile." Nikapunguza mwendo ili tusifike upesi.

Tukafika, kanisa limejaa na wengine wako nje wanatusubiri, nikaliegesha karibu na mlango ili kila mtu aone (na kila mtu akaona). Akina mama wakaja na benchi la kanisa. Akashusha mguu mmoja, guu la benchi likazama mchangani, benchi likapinduka, kiatu kikaanguka, naye akabaki amening'inia kwenye mlango akipiga yowe mpaka wakamsukuma tena kitini. Baada ya hapo hakutaka kusikia la benchi wala la kiti. Kwaya ikanyamaza. Mchungaji akatoka na joho lake. Jamaa mmoja mgeni akasema, "Si mkwe wake huyo hapo, ana nguvu, ambebe!" Watu wakaguna, mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge. Na wanaume wengine nao asingekubali wambebe kama gunia mbele ya mkwe wake.

"Mbatizeni tu mtoto," akasema kutoka mle ndani ya kitenge. "Mimi nitaona kutoka huku huku."

Neema alikuwa mlangoni na Zakaria mikononi. Alinitazama tu. Nikaona kwamba nimelipamba gari la yule mama mpaka limemzuia kumshika mjukuu wake, na nikaona aibu ambayo haikuwa ya watu tena, ilikuwa ya kwangu.

Basi nikaenda chini ya mlango wa kushoto, nikapiga magoti, nikaweka viganja mchangani, nikasema, "Mayu, kanyaga."

Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mwacheni. Mnyamwezi hajawahi kushindwa na mzigo," na watu wakacheka, kicheko cha kunisaidia. Neema akampa mchungaji mtoto, akakichukua kitenge cha mama yake akakitandika mgongoni kwangu, ili tuwe hatujagusana. Mama akavua na kile kiatu kilichobaki. Nikasikia unyayo mmoja, halafu wa pili, halafu uzito wake wote ukatulia juu yangu, na hapo hapo suruali ikachanika nyuma kwa mlio ambao hata kwaya waliusikia. Sikujitikisa.

Alipofika chini akasimama kando, amenipa ubavu kwa heshima, akaongea na mimi kwa mara ya kwanza zaidi ya sentensi moja.

"Kile chuma alikichomelea mwenyewe, nilipokuwa na mimba ya huyu Neema. Alisema, 'Mke wangu hatapandishwa gari na watu.'"

Nilitamani ardhi inimeze, suti na yote.

"Lakini yeye alileta chuma," akaendelea, na sauti ikawa na kicheko na machozi pamoja. "Wewe umeleta mgongo. Inuka, baba Zakaria. Twende tukambatize mume wangu."

Ibada nzima nilisimama nimeegemea ukuta, sababu mnaijua. Mchungaji alipouliza jina, mama alilitaja kwa sauti iliyofika barabarani.

Jumatatu alfajiri nilikuwa Mtendeni napekua lundo la chakavu. Chuma hakipo. Kumbe mama lishe wa jirani alikuwa amekilaza juu ya mafiga yake kinashikilia sufuria ya supu. Ilibidi nimtafutie kingine ndipo akakiachia. Fundi Hamisi alirudisha springi za zamani na matairi ya kawaida, wala hakunisimanga, aliuliza tu, "Upande gani?"

"Kushoto," nikasema.

Vijana wa pale wananicheka kwamba gari zuri lina kidonda. Wacheke. Tangu siku ile nimeapa sitakata kitu kwenye gari la mtu kabla sijauliza kiliwekwa kwa ajili ya nani, hata kama wa kuulizwa ni mama mkwe. Siku hizi nikienda kumchukua Ntalikwa anapanda peke yake. Mimi natazama ukuta wangu, nasikia unyayo wake ukigusa chuma, kisha mlango unafungwa.