Virangozi Wawili, Jozi Moja ya Miguu

Nimeishi Kaliua, Mpanda, Kigoma na kwingine ambako ukiniuliza nilifuata nini nitakuna kichwa tu. Nikiwa mbali naikumbuka Tabora mpaka chakula hakipiti; nikifika Tabora, honi ya treni ikilia, nyayo zinawasha. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kutembea bila kuhama nyumbani, niliishika kwa mikono miwili.

Kanisa letu lilitaka kutembeza wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka mjini hadi Kwihara, ambako akina mama wangewapikia chakula. Mimi, mwenye kidato cha nne na ujuzi wa programu niliojifundisha kwenye kompyuta ya mtumba, niliwatengenezea msimulizi wa kwenye simu. Ukifika kituo unabonyeza "Twende", sauti yangu inaeleza. Katibu wa kamati, mama asiyecheka ovyo, aliniambia, "Jumamosi tunajaribu. Ikienda vizuri, kazi ni yako. Isipoenda, stesheni unaijua."

Ndani ya programu kuna kitu ambacho kazi yake ni kupita vituo kimoja kimoja na kukumbuka kimefika wapi. Kurudi nyuma hakijui. Nilikiita kirangozi, kama yule mtu wa mbele wa msafara, ambaye wapagazi hawakuruhusiwa kumpita wala kumbishia. Kirangozi wangu alikaa kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa. Simu ilikuwa mdomo wake tu.

Jumamosi ikaja kwaya nzima kutoka Nzega. Simu moja isingewatosha. Nikawagawa makundi mawili, moja langu, jingine la dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Kirangozi nikamnakili haraka haraka, mmoja wangu, mmoja wake.

Tulianzia sokoni, mbele ya bucha. Nikabonyeza, sauti ikaeleza habari za soko vizuri kabisa, hata katibu akaridhika. Tukaondoka. Dada alibaki akisubiri kundi lake limalize chai, kisha naye, pale pale mbele ya bucha, akabonyeza.

"Vueni kofia," sauti yangu ikasema. "Mahali hapa wamelala wapagazi waliokufa njiani. Tuwakumbuke."

Kwaya ni kwaya. Walivua kofia, wakaitazama minofu iliyoning'inia, wakaanza wimbo wa msiba kwa sauti zote nne.

Hayo nilisimuliwa baadaye. Wakati huo nilikuwa nimeshafika kwenye makaburi yenyewe, nje ya mji, nimeinamisha kichwa kwa heshima. Nikabonyeza.

"Karibuni mezani! Naweni mikono! Matobolwa yale pale, karanga hizi hapa!"

Mzee mmoja wa besi aligeuka kushoto na kulia akiyatafuta hayo matobolwa, maana viazi vikavu anavipenda. Katibu akaniuliza polepole, "Tunakula na marehemu?"

Simu ikaita. Dada.

"We mtoto, umenipa nini? Watu wamejaa, wauza nyanya wanalia, na mwenye bucha ananiuliza nani ametutoka!"

"Mwambie hakuna aliyekufa."

"Njoo umwambie wewe. Ameshafunga duka."

Hapo nikaelewa. Kirangozi nilimnakili juu juu. Yule wa dada nilimpa koti jipya na bendera mpya, lakini miguu ya ndani, ile kumbukumbu ya amefika wapi, ilibaki ile ile moja. Nikipiga hatua mimi, na wa dada kasogea; akipiga yeye, na wangu kasogea. Nikamweleza hivyo.

"Na wewe ndivyo ulivyo," akasema. "Ukihama wewe, mama huku halali. Unadhani unatembea peke yako?"

Nikatoa mkobani kompyuta yangu ya mtumba, nikaiunganisha na ile ya ofisini. Nikakaa juu ya kichuguu, nikatengeneza nakala ya ndani, kila kirangozi na miguu yake na kumbukumbu yake, nikawaanzisha upya kila mmoja kwenye kituo chake. Katibu alisimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Nikabonyeza tena, na makaburini sauti ikazungumza mambo ya makaburini.

Tulipofika Kwihara, kundi la dada likaingia nyuma yetu, na nyuma ya wote mwenye bucha, paja la mbuzi begani. Kwetu msibani hakuendwi mikono mitupu.

"Poleni sana," akampa katibu mkono. "Marehemu ni yupi?"

Nikamweleza tofauti ya nakala ya juu juu na ya ndani. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Kwa hiyo amekufa au hajakufa?"

"Walikufa zamani. Wapagazi."

"Basi msiba upo," akasema, akawakabidhi akina mama wa jikoni lile paja. "Nimechelewa tu."

Katibu akacheka mpaka akashika nguzo. "Kazi ni yako," akaniambia alipopata pumzi. "Lakini siku nyingine jaribu kwanza kwa simu mbili. Na bucha iwe kituo."

Jioni treni ya Kigoma ililia. Begi langu lilikuwa bado mlangoni, halijafunguliwa tangu nirudi. Dada akalitazama, akanitazama na mimi.

"Kirangozi wako sasa ana miguu yake?"

"Anayo, dada."

"Haya, ingiza begi ndani. Mama alale."