Nilikata viti maalum viwili Kayanga, nikaishia kusimama

Wakuu, nawasalimu kutoka Ihanda, Karagwe. Huku mvua zimeanza na mtandao unakuja kwa zamu, kwa hiyo nikichelewa kujibu msiseme nimekimbia.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaolia na bei za tiketi za shoo. Na mimi nina yangu. Sitatia chumvi, kwa sababu waliokuwepo ni wengi na najua baadhi yao wamo humu, nikidanganya watanisuta mchana kweupe.

Kwanza mnijue kidogo.

Nina miaka arobaini na kitu, shule niliishia kidato cha nne, na miguu yangu haijawahi kutulia. Nimeuza mitumba Kahama, nimekaa Geita, nimelinda mashine ya kukoboa mpunga Usangu, nimefika Tunduma nikatamani kuvuka. Nikirudi nyumbani nakaa miezi michache tu. Nikisikia lori linanguruma kupanda mlima, moyo unasema twende.

Kitu pekee ambacho sijawahi kukiacha njiani ni dansi.

Mliokulia kwenye nyumba yenye redio moja mtanielewa. Baba alikuwa na redio ya mkulima, betri zikiishiwa tunazianika juani ili tuipate saa ya dansi. Wasikilizaji wakubwa tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Adventina. Yeye ndiye mkubwa. Leo ameolewa Mabira, Kyerwa, na watu wanamwita Mama Koku.

Mwanamuziki wetu jina nalihifadhi. Nitamwita Mzee Solo, kwa sababu gitaa la solo anapiga yeye na kuimba anaimba yeye.

Zamani hizo Mzee Solo aliwahi kutangazwa kuja Kayanga. Kiingilio kilikuwa kama bei ya soda mbili. Dada alisuka nywele siku nzima, akaazima viatu. Mvua ikapiga, gari la bendi likakwama kwenye utelezi huko mlimani, na bendi haikufika. Tulirudi nyumbani kwa miguu, dada ameshika viatu vya watu mkononi visichafuke.

Hakulia. Alisema tu, "Atakuja siku nyingine."

Wakuu, hiyo siku nyingine imechukua zaidi ya miaka ishirini.

Sasa mwaka huu naona bango pale Kayanga. Mzee Solo anakuja, Jumamosi mchana. Nikasoma mara mbili. Kisha nikashuka chini kwenye bei.

Kawaida elfu ishirini. Viti maalum elfu sabini.

Hapa tuelewane. Promota alikuwa kijana wa kutoka Mwanza. Nasikia aliambiwa kwamba siku hizi kahawa imepanda bei na watu wa Karagwe wana hela. Ni kweli kahawa imepanda. Ila hakuna aliyemwambia kwamba wakati ule kahawa yenyewe ilikuwa bado kijani mtini. Mtu wa huku ana hela baada ya kuvuna. Kabla ya hapo ana ndizi na maneno mengi.

Mimi nilikuwa na hela kidogo. Ilikuwa nauli. Kuna jamaa yangu alikuwa ameniita Mpanda, kwenye shughuli zake, na nilipanga kuondoka wiki ile ile.

Nilisimama mbele ya bango lile muda mrefu mpaka bodaboda mmoja akaniuliza kama nimepotea. Kisha nikaenda kukata viti maalum viwili. Nilijiambia, dada yangu hatasimama nyuma ya vichwa vya watu baada ya kungoja miaka yote hiyo.

Nikampigia simu.

"Dada shikamoo. Jumamosi usipange kitu, kuna mahali nakupeleka."

"Marahaba. Jumamosi siwezi, waitu, mdogo wangu. Nina shughuli ya kikundi."

"Shughuli gani? Iahirishe."

"Haiahirishiki. Tumealikwa."

Nikambembeleza bila kumwambia ni wapi, maana nilitaka iwe ghafla. Akakataa. Akaniambia nikitaka kumwona niende Jumapili baada ya misa, atanipikia.

Jumamosi nikaenda Kayanga peke yangu na tiketi zangu mbili mfukoni, mnyonge kabisa.

Nikajaribu kuiuza moja. Nilimfuata mzee mmoja aliyevaa koti zuri, nikamwonyesha. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Kwa hela hii," akasema, "huyo Mzee Solo anakuja kulala kwangu na kunilimia?"

Pale uwanjani walikuwa wamezungushia turubai. Ndani, mbele ya jukwaa, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe na utepe kama harusi. Wameketi watu wachache, wa ofisini ofisini, kila mmoja yuko mbali na mwenzake. Nje ya turubai ndiko kulikuwa na umati, kijiji cha Ndama kizima kimeshuka, watu wa Ihanda, watu wa mnadani, wote wamesimama kwenye mikaratusi wanasubiri kusikiliza bure.

Promota alikuwa getini, miwani myeusi, jasho linamtoka.

"Mwanza watu wanalipa hela hii bila maneno," akasema.

Sauti ikatoka kwenye umati, "Mwanza mnalima nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Na ukweli nilimwonea huruma, kwa sababu vyombo vya muziki amekodi, uwanja amekodi, na Mzee Solo yuko ndani nyuma ya jukwaa anangoja watu.

Ndipo likaja Fuso.

Ni yale malori yanayobeba ndizi. Limejaa akina mama, wamesimama wameshikana, wote vitenge vya sare, rangi ya kijani na njano. Wanaimba. Likasimama getini kabisa, wakaanza kushuka mmoja mmoja, wanasaidiana, wanapangusa vumbi. Na katikati yao, kitambaa kichwani, akishuka kwa kushikwa mkono, nani? Dada yangu Adventina.

Kumbe shughuli ya kikundi ndiyo hii.

Aliyetangulia getini ni mwenyekiti wao, anaitwa Mama Jeneroza. Mama mmoja mpana, mpole wa sura, ila ukimsikia akizungumza unajua huyu hajawahi kushindwa kesi.

"Hamjambo," akamwambia baunsa. "Sisi ni wa viti maalum, tumetoka Mabira."

Baunsa akafurahi, akanyoosha mkono. "Tiketi, mama."

"Tiketi ya nini? Nimekwambia sisi ni viti maalum."

Wakuu, ilinichukua muda kuelewa. Lilipoingia akilini nikashika mti.

Promota hakutaka kuandika VIP kama wengine, alitaka Kiswahili kizuri. Akaandika viti maalum. Sasa niambieni, katika nchi hii, bungeni na kwenye baraza la madiwani, viti maalum ni vya nani?

Promota akaja mbio. "Mama, viti maalum ni elfu sabini."

"Baba, viti maalum ni vya wanawake," akasema Mama Jeneroza taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Na gari lenu la matangazo limepita Mabira kutualika. Hatukujileta."

"Halikusema bure."

"Lilisema bei?"

Halikusema bei. Bei ilikuwa kwenye mabango ya Kayanga tu, na Mabira bango hakuna.

"Basi tuwekee tangazo tusikie wote," Mama Jeneroza akasema.

Umati ukadakia. Tuwekee, tuwekee. Gari la matangazo lilikuwa pale pale pembeni. Dereva, nadhani naye alikuwa amechoka kusimama bure, akawasha. Spika zikafunguka:

"Mzee Solo ndani ya Kayanga Jumamosi hii. Viti maalum vipo. Akina mama, karibuni."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Mzee wa koti alikaa chini kabisa.

"Pale pana nukta," promota akalalamika. "Viti maalum vipo, nukta. Akina mama karibuni, ni kitu kingine."

"Nukta haisikiki kwenye spika, baba," akasema Mama Jeneroza.

Mimi nikajipenyeza nikamfikia dada. Hata salamu sikutoa. Nikamwonyesha tiketi.

"Dada, hizi ni zetu. Ndiyo mahali nilipotaka kukuleta. Twende ndani, umeshalipiwa."

Akaziangalia. Akaniangalia mimi. Nikaona macho yake yanaelekea jukwaani, mahali gitaa limeegemezwa, na najua alichokuwa anakiona. Kisha akawageukia wenzake kwenye vumbi.

"Niingie mimi, Mama Jeneroza abaki nje?" akasema. "Kesho Mabira nitapita wapi?"

"Umengoja miaka mingapi?"

"Nimezoea. Na wewe acha kunivuta, kitenge kitachanika."

Hapo nikajua ametoa neno la mwisho. Kama hawaingii wote, dada yangu atapanda Fuso na kurudi Mabira, na Mzee Solo yuko hatua chache nyuma ya turubai. Na mzee wa watu si kijana tena, na mimi wiki ile nilitakiwa Mpanda. Siku nyingine ingetoka wapi tena?

Nadhani ni kile kicheko kilichomtoa Mzee Solo mwenyewe. Pazia la nyuma likafunuka, akaja mzee mwembamba, shati la maua, nywele nyeupe zote. Watu wakamgeukia. Nusu yao hawakumtambua. Dada yangu alimtambua, akakunja goti kama tunavyosalimia wakubwa huku kwetu, na kikundi kizima kikakunja goti.

"Shikamoo baba," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Kuna nini?"

Wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akageuka akatazama vile viti vyeupe vyenye utepe, halafu akamwambia promota maneno ambayo nitayakumbuka.

"Mwanangu, mimi nimepigia walevi, nimepigia wafungwa, nimepigia hata maharusi waliokuwa wanagombana. Viti sijawahi kuvipigia."

Promota akavua miwani. Kumbe alikuwa kijana mdogo tu, macho mekundu.

"Waingie," akasema.

Wakaingia kwa mstari, wanapiga vigelegele, wakajaza vile viti vyote vya mbele. Hapo wanaume nje ya turubai wakaanza. "Na sisi wa majimboni je?" Mwingine, "Mimi nimeshinda kura za maoni, naingia wapi?"

Promota, nampa sifa, alijifunza haraka. Akatangaza wanaume elfu tatu. Haikupita muda uwanja ukajaa mpaka turubai likalegea. Mzee wa koti alilipa akanipita kifua mbele.

Na mimi? Mimi niliingia na tiketi zangu halali, nikatafuta viti vyangu viwili. Vimekaliwa na bibi wawili wa Mabira, wamevua viatu, wanakula karanga. Nikawaonyesha tiketi. Mmoja akaniuliza, "Wewe ni mwanamke?"

Nikamfuata promota nirudishiwe. Akanionyesha maandishi madogo mgongoni mwa tiketi. Tiketi hairudishwi.

Nikasimama pembeni ya spika. Mtu aliyelipa hela nyingi kuliko wote Karagwe na Kyerwa, kasimama.

Lakini ngoja niwaambie. Mzee alipoanza kile kibao, kile tulichokuwa tunakianikia betri, sauti yake ilikuwa imechuja kidogo, ila vidole ni vile vile. Dada yangu hakucheza mara moja. Alikaa ameshika magoti, ametulia kabisa, kama anahakikisha kwamba si redio. Kisha akainuka.

Akaenda kumtunza. Huku kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, imefungwa kwenye jani la mgomba. Dada alikuwa nayo ndani ya kitenge. Mzee Solo akaipokea, akatupia mdomoni, akaendelea kupiga solo huku anatafuna. Kumbe kila mama alikuja na chake. Wakapanda kwa foleni, wanacheza, huyu noti, huyu jani, mwingine alileta mkungu mzima kutoka kwenye Fuso, ukawekwa karibu na ngoma. Noti zilizoanguka pale jukwaani, sidhani kama walitoa kidogo kuliko kiingilio. Walitoa tu baada ya kusikia, na kwa kupenda.

Mama Jeneroza alimpelekea promota jani lake mwenyewe. "Hiki ni kiingilio chetu," akamwambia. Kijana akatafuna, akakunja uso, akameza kwa adabu.

Jua likielekea kuzama Fuso likawashwa. Dada akiwa anapanda akaniuliza, "Hizo hela za tiketi ulizitoa wapi?"

"Ilikuwa nauli ya Mpanda."

Nilitegemea anigombeze au anionee huruma. Akacheka mpaka akashikilia ubavu wa lori.

"Tiketi hairudishwi," akasema, "lakini mdogo wangu amerudishwa. Kahawa inakaribia kuiva, utachuma."

Ndiyo maana naandika kutoka Ihanda, wakuu, wala si Mpanda. Jamaa yangu alipiga simu mara mbili, akachoka. Malori bado nayasikia yakipanda mlima. Nayasikiliza, nalala.

Nilichojifunza: mtu wa muziki si bahili. Mwite vizuri, mpe bei ya msimu alionao, mwache asikie, atatoa mpaka mkungu. Ukimpangia bei ya hela ambayo bado iko mtini, utapigia viti.

Na wewe promota, kama umo humu, njoo tena Juni. Nitalipa, ila safari hii niandikie kwa herufi kubwa kiti ni cha nani.

Haya, mliowahi kukata tiketi ya bei mkasimama, semeni ilikuwaje. Nitasoma jioni nikitoka shambani.