Mizunguko Saba na Nusu

Gunnvor alirudi kutoka jangwani akiwa na mabega ya mpiga mieleka na pumzi za bibi kizee. Miezi saba kikosi chao kilikuwa kimefungiwa ndani ya kuta za zege, na kukimbia kulipigwa marufuku kwa sababu ya makombora. Kilichobaki ni kontena moja lenye vyuma vya kunyanyua. Basi wakanyanyua asubuhi, wakanyanyua jioni, wakajaa vifua, wakapigana picha na kujiona simba. Wapumbavu! Na sajini Gunnvor ndiye aliyekuwa wa kwanza kujipiga picha.

Huku nyumbani Troms, kaskazini mwa Norwei, hakuna aliyemuuliza ananyanyua kilo ngapi. Alitakiwa akimbie mita elfu tatu kwa dakika kumi na nne. Mwezi wa tatu akashindwa. Kapteni Brekke, mwanamke mpole asiyejua kupaza sauti, akamwambia atarudia mwishoni mwa Aprili. Akishindwa tena atapelekwa stoo ya sare, na gari lake la deraya pamoja na askari wake wanne atapewa mwingine.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, hana mume wala mtoto, na hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Wale wanne ndio waliokuwa watu wake. Mwezi wa nane walikuwa wanarudi jangwani, na akiwaza kwamba wataondoka bila yeye, machozi yalimtoka hata akiwa anapiga mswaki. Kila siku alikimbia kando ya mto kwenye theluji iliyooza, na kila siku mbavu zilimchoma kabla hajafika darajani. Mwili aliouamini maisha yake yote ulikuwa umemgeuka.

Siku ikafika. Desturi ya kambi ile ni kwamba askari hupimwa wawili wawili: mmoja anakimbia, mwenzake anasimama kwenye mstari kumhesabia mizunguko, saba na nusu. Kapteni husoma saa tu. Anayehesabu hakaguliwi na mtu, kwa maana kule kumkagua mwenzio ni kumtukana. Wa kumhesabia Gunnvor alikuwa sajini Torleiv, aliyekuwa naye jangwani.

"Mama Vyuma," Torleiv akamtania huku akijipachika ugoro ndani ya mdomo wa juu, "leo utatufia hapa."

"Nikifa mnizike na viatu. Wewe hesabu tu."

"Nitakuhesabia vizuri." Akamkonyeza. "Na wewe baadaye unihesabie vizuri hivyo hivyo."

Gunnvor akacheka, akaondoka mbio. Mpaka mzunguko wa nne alikuwa anajikongoja vizuri. Wa tano kifua kikaanza kupiga filimbi. Ilipobaki mizunguko miwili, alipita kwenye mstari na kumsikia Torleiv akipiga kelele:

"Wa mwisho! Kaza, dada, wa mwisho huo!"

Alijua si wa mwisho. Naye alikuwa anahesabu kichwani. Mzunguko ule wote alibishana na nafsi yake: simama pale, gari ni lako, nani atajua? Alipofika mstarini Kapteni alikuwa ameinua saa tayari. Miguu ikakataa kusimama. Kama ulikuwa uaminifu au ukaidi, hata mwenyewe hakujua.

"Simama, we mjinga!" Torleiv akamnong'oneza kwa hasira.

Akampita. Mzunguko uliobaki karibu autembee.

"Nilikosea kuhesabu, afande," Torleiv akasema, akitazama chini.

"Kumi na nne na sekunde arobaini," akasoma Kapteni. "Pole sana, Gunnvor."

Hakupewa hata nafasi ya kulia, maana sasa ilikuwa zamu yake kuhesabu. Ndipo alipoelewa kule kukonyezwa. Torleiv alikuwa hoi kuliko yeye. Kufikia mzunguko wa tano uso wake ulikuwa rangi ya majivu, na kila akipita alimtazama Gunnvor kwa macho ambayo hakuyaona kwake hata siku ya makombora. Mke wake alikuwa na mimba ya mapacha. Gunnvor akasema moyoni, unga wangu umeshamwagika, nimwage na wa mwenzangu kwa faida gani?

"Wa mwisho!" akapiga kelele, ilhali ilibaki miwili. Sauti ilimtoka kwa urahisi hata akashangaa.

Torleiv akamaliza sekunde ishirini kabla ya muda, akaanguka chali kwenye nyasi. Kapteni akaandika, akafunga daftari, akamsogelea Gunnvor na kumshika bega.

"Najua unavyowapenda wale watu wako wanne. Sitaki wapewe mgeni. Torleiv wanamjua, na leo amefaulu, kwa hiyo gari nampa yeye. Najua hilo litakupa faraja kidogo."

Torleiv akafunika uso kwa mkono. Upande wa pili wa uzio wale wanne, waliokuja kutazama na kusimama karibu kiasi cha kumsikia Kapteni, walikuwa tayari wanampigia makofi kiongozi wao mpya. Gunnvor akafungua mdomo. Akisema, wanafukuzwa wote wawili, na mapacha wale wanazaliwa na baba asiye na kazi. Akinyamaza, watu wake wanakwenda vitani na mtu asiyeweza kumbeba hata mmoja wao mpaka kwenye handaki.

"Unasemaje?" Kapteni akauliza.

"Ndiyo, afande," Gunnvor akasema.